Mshauri Si Hakimu

Katika mdahalo wa muhula huu ilitolewa hoja ya kwamba vijana wote wapimwe damu kabla ya kuoana, na wawili watakaoonekana wana urithi wa selimundu wakatazwe kufunga ndoa. Hoja ilishinda kwa kura nyingi. Mimi nilipinga, na kwa kuwa kengele ililia kabla sijamaliza, namshukuru Mhariri kwa kunipa nafasi ya kuyamaliza maneno yangu hapa.

Selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, ni ugonjwa wa damu. Chembe nyekundu hupinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo, na mgonjwa hushikwa na maumivu makali ya mifupa. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao Tanzania kila mwaka. Hauambukizi, wala si uchawi. Mtoto huupata kwa kurithi jeni yenye kasoro kwa baba na nyingine kwa mama. Aliyerithi moja tu huwa mzima, tena jeni hiyo humkinga utotoni na malaria kali, jambo lililoelezwa mwaka 1954 na Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya.

Sasa nije kwenye hesabu. Mume na mke wakiwa na jeni moja moja, kila mimba ina bahati 1 katika 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Wengi hudhani kwamba akiisha kuzaliwa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watakuwa salama. Sivyo, kila mimba huanza hesabu upya. Shangazi yangu alizaa wagonjwa wawili mfululizo. Wakwe zake wakasema ameleta damu mbaya katika ukoo, naye akarudishwa kwao. Hakutokea mtu wa kumwambia mumewe, mbele ya wazazi wake, kwamba nusu ya urithi ule ilitoka kwake yeye. Ni maneno ya robo saa tu.

Wako watu wanaosomea kuyasema maneno hayo, nao huitwa washauri wa magonjwa ya kurithi. Huko Marekani, chuo cha Sarah Lawrence kilianza kuwafundisha mwaka 1969. Kwetu kazi hiyo huangukia zaidi madaktari na wauguzi wenye foleni ndefu mlangoni. Anayeitamani hana budi kusoma Bayolojia na Kemia, asiikimbie Hesabu (kama nilivyotaka kuikimbia mimi), na awe mtu wa kutunza siri. Kipimo cha damu chaweza kufichua hata kwamba baba anayemlea mtoto siye aliyemzaa. Je, mshauri aseme, au anyamaze? Hilo ndilo lingekuwa neno la kujadili.

Mwenzangu wa upande wa pili aliuliza kama mtoto atakayelia usiku kwa maumivu hana haki. Swali hilo lilinichoma, wala sikuwa na jibu jepesi. Lakini tutazame yaliyotokea Marekani miaka ya 1970, majimbo kadha yalipolazimisha upimaji. Watu wazima kabisa, wenye jeni moja tu, walinyimwa kazi na bima, na Chuo cha Jeshi la Anga kiliwakataa vijana wa namna hiyo hadi mwaka 1981. Hapa kwetu marufuku ingezaa vyeti vya kununua, na wapendanao wangezaa bila ndoa, bila ushauri. Afadhali wapimwe kwa hiari, waambiwe mapema na waziwazi, wajue pia kuwa ipo dawa ya hidroksiyurea inayopunguza maumivu, kisha waamue wenyewe.

Mimi nilipimwa likizo iliyopita. Majibu anayajua mama peke yake, na Mhariri aniwie radhi, sitayaandika hapa.