Mgongo Wako Utamkabidhi Nani?

Mwezi huu tuzungumze juu ya mgongo. Hakuna kiungo ambacho sisi akina mama tunakitumikisha kama hicho. Tunainama kufagia, tunajitwisha ndoo, tunabeba watoto, na walioajiriwa wanakaa kitini kutwa nzima kisha wanarudi nyumbani kuanza kazi ya pili. Siku mgongo ukigoma, nyumba nzima inajua.

Zamani mama aliyeumwa mgongo alikandwa kwa maji ya moto, au alipelekwa kwa bibi mwenye mikono ya kunyoosha. Siku hizi katika miji yetu mikubwa wako pia wataalamu wa kiropraktiki, yaani wale wanaosukuma na kugeuza pingili za uti wa mgongo kwa mikono. Wengine wamesoma sawasawa. Wengine wamejifunza kwa kutazama video kwenye simu, wakanunua kitanda na koti jeupe. Mgonjwa anayeingia mlangoni akiwa amejipinda kwa maumivu atawatofautishaje?

Tuanze na asili ya kazi yenyewe. Jina lake limetokana na Kigiriki, na maana yake ni kazi ifanywayo kwa mikono. Ilianzishwa mwaka 1895 katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, na Daniel David Palmer. Husimuliwa kwamba mgonjwa wake wa kwanza alikuwa Harvey Lillard, mfanya usafi wa jengo aliyekuwa na uziwi, na kwamba Palmer alipomsukuma pingili moja ya mgongo masikio yakafunguka. Kutokana na hapo Palmer akafundisha kwamba karibu kila ugonjwa hutokana na pingili zilizohama. Sayansi ya tiba haikubaliani naye. Mshipa wa fahamu wa kusikia hutoka sikioni kwenda kwenye ubongo bila kupita mgongoni hata kidogo.

Habari hiyo tumeileta kwa sababu inakupa swali la kwanza la kumwuliza mtaalamu: "Wewe unatibu nini?" Akijibu mgongo, shingo na maungio, endelea kumsikiliza. Akianza kutaja pumu, kisukari, ugumba na mtoto anayekojoa kitandani, chukua mkoba wako uondoke. Na usimpe kichanga chako anyooshwe eti kwa sababu ya msokoto wa tumbo. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kunamsaidia, na mifupa yake ingali laini.

Je, kwa mgongo kunasaidia? Ndiyo, kwa kiasi. Maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe baada ya wiki chache, mradi mtu asilale tu kitandani. Kwa maumivu yaliyopita miezi mitatu, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023. Humo yamo mazoezi ya mwili, kukandwa, na pia kusukumwa pingili kwa mikono. Kwa hiyo kiropraktiki ni njia moja miongoni mwa nyingine. Mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali yako ya mkoa au ya rufaa anaweza kukufaa vilevile, na pengine kwa gharama ndogo zaidi. Mwongozo huohuo haushauri mikanda ya kiuno kama tiba ya kawaida, ile inayouzwa kila kona. Wenye maduka watatusamehe.

Na ule mlio wa "ko!" unaowafurahisha watu? Ni viputo vya hewa ndani ya majimaji ya maungio. Si mfupa unaorudi mahali pake. Usimpime mtaalamu kwa ukubwa wa mlio.

Mwulize alisomea wapi, kwa miaka mingapi, na amesajiliwa na nani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataja mafunzo ya miaka minne ya kutwa, pamoja na mazoezi ya kutibu wagonjwa chini ya usimamizi. Semina ya mwisho wa wiki haitoshi. Mtu mwenye elimu yake hakasiriki akiulizwa.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni maswali atakayokuuliza yeye kabla hajakugusa. Hapa tunaomba usome polepole. Katika nchi zetu kifua kikuu bado kipo, na hakishambulii mapafu peke yake. Hupenda pia kujificha kwenye uti wa mgongo. Mama huumwa mgongo miezi na miezi, hupungua uzito, hupata homa jioni na jasho usiku, naye hudhani ni uchovu wa kazi. Pingili iliyoliwa na ugonjwa huo ikisukumwa kwa nguvu inaweza kuvunjika, na mgonjwa akapooza miguu. Kumbe ugonjwa wenyewe unatibika kwa dawa. Vivyo hivyo mama aliyewahi kutibiwa saratani ya matiti akianza kuumwa mgongo, kwanza aonwe na daktari, maana saratani hiyo huweza kuhamia kwenye mifupa. Wazee ambao mifupa yao imepungua nguvu nao hawasukumwi ovyo.

Basi mtaalamu anayekufaa atakuuliza juu ya homa, uzito, ajali, upasuaji, ujauzito na dawa unazotumia. Atakugonga goti na kupima nguvu za miguu. Akiona dalili asiyoielewa atakuandikia uende hospitali, hata kama siku hiyo hatapata fedha yako. Anayekulaza kitandani dakika mbili baada ya salamu, huyo hafai. Na ukiona ganzi katikati ya mapaja, mkojo au choo hukizuii, au miguu inalegea, usimtafute mnyoosha mgongo yeyote. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Shingo nayo ina habari yake. Mara chache sana, kuizungusha kwa ghafla kumechana mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Ni haki yako kusema, "Shingo yangu usiizungushe." Mtaalamu mwenye busara atatumia njia ya taratibu bila kubishana. Mama mjamzito naye aseme mapema hali yake, asipigwe eksirei ya mgongo bila sababu nzito, na asilazwe kifudifudi juu ya kitanda cha kawaida.

Tukija kwenye fedha, jihadhari na anayekutaka ulipe mara thelathini kwa mkupuo mmoja kabla hujajua kama unapata nafuu. Ada ya shule ya watoto imepotelea huko katika nyumba kadhaa. Lipa kila unapokwenda, mwulize tangu mwanzo anatarajia nafuu lini, na wiki nne hadi sita zikipita bila mabadiliko, rudi kwa daktari. Baba watoto naye aelezwe gharama mapema, isije ikawa ugomvi juu ya ugonjwa.

Mwisho, wewe mwenyewe ujisikie salama. Una haki ya kuingia na dada yako au mumeo, kubaki na kanga yako, na kuambiwa kila hatua kabla ya mkono kukugusa. Ukisema "acha," aache papo hapo. Kama unapendelea kuhudumiwa na mwanamke, uliza kama yupo. Si utovu wa adabu. Na kabla hujaondoka, mwombe akuonyeshe mazoezi ya kufanya nyumbani na namna ya kuinua ndoo kwa kukunja magoti. Akikosa la kukuonyesha, tafuta mwingine.