Boma la Karema Ni Letu Pia

Muulize mwanafunzi yeyote wa Ualimu anayesoma Historia akutajie magofu ya kale ya Tanzania. Utapewa orodha ileile: Kilwa, Kaole, Tongoni, na akiwa mjanja kidogo ataongeza Engaruka. Muulize kuhusu misheni za kale, atakuambia Bagamoyo. Wenzetu wa Kusini watakutajia Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda, na wana haki ya kujivunia, maana kule historia ya misheni imeshikana na Majimaji: Peramiho ilichomwa moto mwaka 1905, ikajengwa upya, na leo ni abasia kubwa. Hata pale Pugu, safari ya daladala tu kutoka mjini Dar es Salaam, Wabenediktini haohao walifika mwaka 1888 na misheni yao ikavamiwa Januari 1889.

Magharibi je? Hapo darasa zima linakuwa kimya.

Mimi natoka Katavi, na leo naomba nafasi ya kuzungumzia Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kuna parokia pale, na parokia hiyo imekaa juu ya boma. Kuta nene za zamani zimeingiliana na majengo yaliyokuja baadaye, kiasi kwamba mgeni anaweza kupita bila kujua anapita wapi. Mama yangu mkubwa aliolewa Karema, kwa hiyo tangu nikiwa mdogo nimekuwa nikienda kule likizo kula migebuka na kucheza kwenye hizo kuta. Nimekuja kuelewa maana yake huku chuoni, na bahati mbaya sikuipata kwenye madesa.

Boma lilianzishwa mwaka 1879 na Wabelgiji wa ile Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, jina zuri la mradi wa Mfalme Leopold II. Kapteni Cambier ndiye aliyeweka kituo. Mwaka huohuo jumuiya hiyo ilileta tembo wanne kutoka India, wakashushwa Msasani (ndiyo, Msasani hiihii ya kwetu), ili kuona kama wanaweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Ni tembo mmoja tu aliyefika Karema, na hakukaa sana akafa. Carter, Mwingereza aliyekuwa anawaongoza, akauawa njiani mwaka 1880 wakati wa kurudi. Huwa najiuliza kwa nini hadithi kama hii haimo kwenye vitabu vya sekondari. Mtoto wa kidato cha pili akisikia habari ya tembo aliyetembea kutoka Msasani hadi Ziwa Tanganyika, hataisahau mpaka anazeeka.

Kutoka Karema ndiko alikotawala Luteni Émile Storms, aliyevuka ziwa akaanzisha Mpala upande wa Kongo. Desemba 1884 watu wake walimuua chifu Lusinga, na fuvu la marehemu likapelekwa Ubelgiji. Mwaka 2022, baada ya wanaharakati wa Brussels kupambana, sanamu ya Storms iliondolewa kwenye bustani ya mji. Sisi wa Katavi, ambao mtu huyu alikaa kwetu, hatukuwa na habari. Niliwauliza wanachuo wanne wa mkoa wangu, na hakuna aliyewahi kumsikia.

Kisha ukaja Mkutano wa Berlin. Pwani ya mashariki ya ziwa ikahesabiwa kuwa ya Wajerumani, na mwaka 1885 Wabelgiji wakawakabidhi boma Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe. Hao nao walikuwa na kidonda chao. Miaka minne kabla, Mei 1881, wenzao watatu waliuawa Rumonge, Burundi, na waliobaki wakahamia ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo walipopewa boma lenye kuta nene hawakulivunja. Waliligeuza misheni. Kengele ikalia pale palipokuwa na zamu ya askari.

Sasa swali ambalo madesa hayaulizi: ndani ya kuta hizo walikaa akina nani?

Mapadre walikuwa wachache sana. Kabla yao, wakati wa Wabelgiji, walikuwepo askari na wapagazi kutoka Zanzibar na Unyamwezi. Baada ya 1885 walijaa watoto waliokombolewa kwa fedha kutoka kwenye misafara ya watumwa, wanawake waliotoroka, na watu wa vijiji vilivyochomwa na rugaruga, waliokuja kuomba hifadhi nyuma ya ukuta. Wengine hawakujua tena kwao ni wapi. Wabende, wenyeji wa ardhi ile, walikuwepo kabla ya wote hao, na si nia yangu kumfuta mwenyeji. Ila ule mji uliokua kuzunguka boma ulikua kwa watu waliofukuzwa makwao.

Kwa Kiswahili cha leo watu hao tunawaita wakimbizi.

Hapo ndipo suala hili linanihusu mimi binafsi. Nimezaliwa Mishamo. Kwa asiyejua, Mishamo ni makazi yaliyofunguliwa porini, kaskazini mwa Mpanda, mwaka 1978, kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Ni ya tatu baada ya Ulyankulu na Katumba. Babu yangu alitoka Rumonge, palepale walipouawa wale wamisionari watatu. Alikata miti, akajenga, akalima mahindi na maharage, na kwa miaka mingi hakuruhusiwa kutoka nje ya makazi bila kibali. Vyeti vya uraia vilipoanza kugawiwa mwaka 2014, kwa watu zaidi ya 150,000 wa makazi yote matatu, nilikuwa darasa la tano. Nakumbuka baba alikifunga cheti chake kwenye nailoni mbili.

Nikiwa kidato cha tatu, kwenye shule ambayo sitaitaja, tulipewa kazi ya kuandika historia ya maeneo tunayotoka. Nikaandika kurasa sita za Karema. Mishamo na Karema ziko wilaya moja ya Tanganyika, mkoa mmoja wa Katavi, na mama mkubwa yuko kule, kwa hiyo sikuona tatizo. Daftari lilirudi na maneno matatu ya wino mwekundu: "Andika ya kwenu."

Sijaja kumlalamikia mwalimu yule. Nataka tuone hayo maneno matatu yamejengwa juu ya nini. Yamejengwa juu ya dhana kwamba historia ya mahali ni mali ya waliozaliwa pale, kizazi kwa kizazi, na wengine ni wapita njia. Kama ni hivyo, Karema itakuwa haina mwenyewe, maana karibu kila aliyekaa ndani ya lile boma alikuwa ametoka kwingine.

Mchukue Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, karibu na Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa, akanunuliwa na Mapadre Weupe. Wakampeleka shule Algiers, kisha akasomea udaktari Malta. Mwaka 1889 alifika Karema akiwa katekista na daktari. Akaoa palepale, mtoto wake mmoja akawa padre, na Atiman akaendelea kutibu watu wa mwambao ule hadi alipofariki mwaka 1956. Piga hesabu: ni miaka 67. Ukipita Sokoine Drive, Dar es Salaam, karibu na bandari, kuna jengo la zamani kuliko karibu yote ya mjini linaloitwa Atiman House. Ni jina la mtu huyohuyo. Hakuna Mtanzania anayesimama mbele ya jengo lile akasema huyu si wa kwetu. Lakini mjukuu wa mtu aliyefyeka pori la Mishamo mwaka 1978 bado anaulizwa kwao ni wapi, hata hapa chuoni, hata na watu wenye nia njema kabisa.

Najua nitajibiwa nini. Wapo watakaosema naisafisha misheni. Hapana jamani. Waliokombolewa hawakuwa huru kwa maana tunayoijua leo. Waliishi chini ya amri za misheni: shamba, mafundisho, ndoa, vyote vilikuwa na mwenye kuamua, na mwenye kuamua hakuwa wao. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lile, alitamani kabisa utawala wa Kikristo katikati ya Afrika, na Kapteni Joubert, aliyewahi kuwa askari wa Papa, alikuja kulinda misheni za ziwani kwa bunduki. Ulipata usalama, ukalipa kwa utii. Mtu wa Mishamo halihitaji somo hilo, babu yake alikuwa na kibali mfukoni.

Ndiyo maana siridhiki na simulizi zote mbili tulizonazo. Ya kwanza ni ya kanisani, ambamo mapadre ni mashujaa na waliokombolewa ni idadi tu. Ya pili ni ya darasani, "mawakala wa ukoloni": mmisionari, mpelelezi, mfanyabiashara, hoja tano, maksi ishirini, tukutane UE. Hiyo ya pili si uongo. Karema yenyewe ni ushahidi, jengo moja lilitoka mkononi mwa wapelelezi likaenda kwa wamisionari bila hata kubadilisha mlango. Lakini simulizi zote mbili zinawatazama Wazungu tu, moja kwa kuwasifu na nyingine kwa kuwalaumu. Yule mama aliyetoroka msafara na mtoto mgongoni, akaona ukuta akagonga, hayumo kwenye hata moja.

Mwanachuo mwenzangu wa Mishamo aliniambia kitu kigumu zaidi: "Shule yetu watoto wanakaa chini, wewe unatuletea habari za kuta." Ana hoja. Mimi pia nimekaa chini. Ila kufundisha kwa kutumia Karema hakumnyang'anyi mtoto dawati, na sasa shule zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili, kwa Kiswahili, linalotaka mwalimu amfanye mwanafunzi aipende nchi yake. Utamfanyaje mtoto wa Mishamo aipende nchi ambayo kila mfano wake uko mbali na yeye? Mpeleke Karema. Mwambie nyumba ya kale kuliko zote za wilaya yake ilijaa watu waliokuja kama alivyokuja babu yake. Halafu mwache aulize maswali.

Tatizo ni kwamba kuta hazitusubiri. Ziwa lenyewe huko haliaminiki: lilikuwa karibu na kilima cha boma wakati Wabelgiji wanajenga, likashuka mita kadhaa baada ya Mto Lukuga kufunguka upande wa Kongo, na miaka ya karibuni tumeliona likipanda tena na kufuata nyumba za watu. Imejengwa bandari mpya kwa ajili ya mizigo ya Kongo. Ni jambo jema, na mama mkubwa anaifurahia kuliko mtu yeyote. Lakini bandari huja na wapangaji, maghala na mafundi wanaotafuta mawe ya bure.

Chama chetu kina kamati ya taaluma, na hili lipo ndani ya uwezo wake. Wanafunzi wa Historia na Jiografia wanaoenda TP Katavi wapewe kazi moja ya ziada: wapime kuta za Karema, wachore ramani, wapige picha, waombe ruhusa ya parokia waone kumbukumbu zilizopo. Wale wa Kiswahili wakae na wazee. Mtu aliyekuwa na miaka kumi Atiman anafariki, leo anakaribia themanini. Kuna ambao mkono wa daktari yule uliwapima homa wakiwa watoto, na hao hawatatungoja tumalize shahada.

Fomu za kuchagua mikoa ya TP zinatoka muhula huu. Kila mwaka tunagombania Dar es Salaam na Arusha hadi wengine wanatafuta barua za daktari. Katavi ipo kwenye orodha, kati ya Kagera na Kigoma, kwa yeyote atakayetaka kuiweka alama. Mimi yangu nimeshaijua. Kwa mama mkubwa kuna chumba kimoja cha ziada, na migebuka haijawahi kukosekana.