Miaka Saba Haimpi Baba Hati ya Mtoto

Ndoa inapovunjika Tanzania, hukumu ya kwanza kuhusu watoto haitolewi na hakimu. Hutolewa na shangazi, mjumbe wa nyumba kumi, mzee wa ukoo, au jirani aliyewahi kusimama kizimbani kwa kesi yake mwenyewe. Na wote hukumu yao ni moja: mtoto akae na mama hadi atimize miaka saba, kisha arudi kwa baba yake. Maneno haya yanasemwa kwa uhakika mkubwa hivi kwamba wapo akina mama wanaoishi kwa kuhesabu miaka iliyobaki, na wapo wanaume ambao hawajawahi kutuma hata fedha ya daftari lakini tarehe hiyo wanaikumbuka vizuri.

Imani hii ni ya uongo, na inawaumiza watoto.

Miaka saba imo kweli katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, na hapo ndipo upotoshaji ulipopata pa kushikia. Kifungu hicho kinaitaka mahakama ianze na dhana kwamba ni kwa faida ya mtoto aliye chini ya miaka saba kukaa na mama yake. Dhana hiyo inaweza kukanushwa kwa ushahidi. Hakuna mahali sheria inaposema kwamba akishafika saba mtoto ni wa baba. Kinachotokea siku hiyo ni kwamba mama hapewi tena kipaumbele kwa sababu tu ya umri wa mtoto. Kuanzia hapo wazazi wote wawili wanapimwa kwa swali lilelile, maslahi ya mtoto yako wapi. Tena kifungu hichohicho kinaionya mahakama kuhusu ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Mtoto aliyelelewa na mama yake miaka yote hiyo, mwenye shule yake, marafiki zake na kitanda alichokizoea, onyo hilo linamlinda yeye.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeongeza nguvu. Inataka maoni ya mtoto yasikilizwe iwapo ameyatoa kwa hiari yake, inathamini ndugu kulelewa pamoja, na inatambua umuhimu wa malezi yasiyokatizwa. Sijui watetezi wa miaka saba wanayaweka wapi mambo haya, maana katika vikao vyao mtoto huitwa akiwa amekwisha kufungashiwa nguo.

Wakishindwa kwenye sheria, hukimbilia mila. Mila za nani? Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilihusu makabila yanayofuata ukoo wa baba. Kwa jadi ya Waluguru, Wamakonde na Wayao, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Sheria ya Ndoa inaitaka mahakama iziangalie mila za wahusika, lakini baada ya ustawi wa mtoto, si kabla yake.

Hukimbilia dini pia. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki ni wa madhehebu ya Imam Shafii, na katika fiqhi ya Shafii mtoto anapofika umri wa kupambanua mambo, unaokadiriwa kuwa miaka saba, huulizwa achague akae na mzazi yupi. Nirudie: huulizwa yeye. Wanazuoni wa karne nyingi zilizopita walimpa mtoto nafasi ambayo vikao vyetu vya familia vinamnyima leo.

Angalia pia wakati wenyewe. Miaka sita au saba ndiyo umri wa darasa la kwanza na la pili. Mtoto ndiyo kwanza anajifunza kuunganisha silabi, amemzoea mwalimu, anaijua njia ya kwenda na kurudi. Hapo ndipo anapopakiwa kwenye basi kupelekwa mkoa ambao hajawahi kulala hata usiku mmoja. Mara nyingi hata huyo baba aliyemdai haishi naye: yuko kazini mjini, mtoto anaachwa kwa bibi kijijini au kwa mama wa kambo ambaye hakuulizwa kama yuko tayari. Mdogo wake anabaki kwa mama kusubiri zamu yake. Tunamtendea mtoto kama mkopo unaoiva siku fulani, halafu tunashangaa akikataa kula au akiacha kusema darasani.

Akina mama nao wasiishike imani hii kwa upande unaowafaa. Mtoto wa miaka mitatu si mali ya mama. Akiwa anapigwa au ametelekezwa kwa mama, baba ana haki ya kwenda mahakamani leo, asisubiri mwaka wa saba. Na mama anayemficha mtoto ili baba asimwone anamnyang'anya mtoto haki yake mwenyewe, kwa kuwa Sheria ya Mtoto inampa yeye haki ya kumtembelea mzazi asiyeishi naye na kukaa naye.

Lakini kauli inayonikasirisha kuliko zote ni ile ya mwanamume asemaye, "Sitoi matunzo, nipe mwanangu nimlee mwenyewe." Sheria ya Ndoa imeweka wazi kwamba ni wajibu wa baba kuwatunza watoto wake, wawe mikononi mwake au mikononi mwa mtu mwingine. Chakula na karo havingoji mtoto ahamie kwa baba.

Baraza la usuluhishi la kata nalo lina mipaka. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa, linaandika hati ya kuthibitisha hivyo ili shauri liende mahakamani. Halivunji ndoa, wala halina mamlaka ya kuamua mtoto akae na nani. Mwenyekiti anayemwamuru mama akabidhi mtoto kwa sababu ametimiza saba anatumia mamlaka asiyopewa.

Basi kama umeambiwa ujiandae kumtoa mtoto kwa sababu ya umri wake tu, usimtoe kwa maneno ya kikao. Muone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, au msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi hao wa kisheria, na huduma yao hailipiwi. Fungua shauri, uombe mtoto asikilizwe. Na wewe baba unayempenda mwanao, njia ni hiyohiyo: nenda mahakamani ukaeleze utamlea vipi, nani atakuwa naye ukiwa kazini, na matunzo umekuwa ukiyatoa tangu lini.