Mambo ya Nyumbani: Kompyuta Mbovu na Amana Iliyomo

Katika nyumba nyingi siku hizi haikosekani kompyuta mpakato iliyoharibika, imewekwa juu ya kabati au uvunguni mwa kitanda, haitumiki wala haitupwi. Baba asema itatengenezwa. Mama asema yakusanya vumbi. Vijana wataka mpya. Basi yafaa jamaa waketi pamoja wakate shauri.

Kwanza, ujulikane ugonjwa wake. Kompyuta isiyowaka si lazima iwe imekufa. Pengine ubovu u katika chaja au betri tu, navyo hubadilishwa. Iliyovunjika kioo huweza kuunganishwa kwa waya na televisheni, ikawa kompyuta ya mezani. Iliyo nzito huweza kupata nguvu kwa kutolewa diski ya zamani izungukayo na kutiwa ya SSD. Wengine wataka kuitupa kwa kuwa huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Hiyo haikuharibika: yaweza kutiwa Linux, ambayo hupatikana bure, ikamfaa mwanafunzi. Ama iliyoungua ubao mkuu, gharama ya kuitengeneza huenda ikapita thamani yake. Mwulizeni fundi bei kabla hajaanza kazi, kisha mlinganishe na bei ya kompyuta nzima iliyokwisha tumika.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, ni amana. Ndani ya diski mna picha za jamaa, barua za benki, nakala za vyeti na namba za siri. Kufuta faili kwa njia ya kawaida huondoa jina lake tu katika orodha, na mwenye ujuzi huweza kuirudisha. Wala msidanganyike kwamba kompyuta isiyowaka haina siri: diski yake ikitiwa katika mashine nyingine huenda ikasomeka. Kwa hiyo, kabla ya kuiuza au kuitoa, nakilini mnayoyahitaji, kisha diski ifutwe kwa programu ya kufutia kabisa, au itolewe na kuvunjwavunjwa. Siri za nyumba haziuzwi pamoja na vyuma.

Mkiiuza, mwambieni mnunuzi kasoro yake. Mkitaka kuitoa sadaka, itengenezeni kwanza; kumpa maskini mzigo uliowashinda wenyewe si ukarimu. Fundi aweza kuichukua kwa ajili ya vipuri, kwani kibodi yake au kumbukumbu yake huenda ikaponya kompyuta nyingine.

Tatu, isipofaa kabisa, msiitupe jalalani. Betri iliyovimba isitobolewe wala isitiwe chaji, kwani huweza kushika moto. Nyaya zisichomwe ili kupata shaba. Moshi wake ni sumu, na watoto ndio wadhurikao zaidi. Mwaka 2022 dunia ilitoa taka za vifaa vya umeme tani milioni 62, na zilizoandikwa kuwa zimekusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika robo. Mjini Nairobi kipo kituo cha WEEE Centre kipokeacho vifaa hivyo. Penginepo, waulizeni mafundi au ofisi za mji.

Basi, enyi vijana, kabla ya kudai mpya, ishusheni ile ya zamani kabatini, mpanguse vumbi, mjue hali yake. Wazazi nao wawape nafasi ya kujifunza, kwa maana ajuaye kukitunza kilichochakaa ndiye astahiliye kukabidhiwa kipya.