Acheni kukariri amri, andikeni faili!

UE inanukia, lakini leo lazima nitoe dukuduku langu kuhusu ugonjwa ulioota mizizi kwenye maabara za kompyuta. Watu wanaringia amri ndefu. Mtu anafungua terminali, anaandika mstari unaozunguka skrini mara mbili, wenzake nyuma wanaguna, "duh, mshikaji ni noma!" Mimi nasema si noma lolote, anatwanga maji kwenye kinu.

Hebu iangalieni amri yenyewe:

python fundisha.py --data picha/mihogo --ukubwa 224 --kundi 32 --kasi 0.001 --mizunguko 40 --mbegu 7 --toa matokeo/jaribio3

Vigezo saba hivyo. Sasa chukua finalisti aliyerudia jaribio mara ishirini, kila mara kabadili kimoja au viwili. Siku ya kutetea projekti msimamizi anauliza, "Jedwali la pili ulilipata kwa kasi gani?" Kimyaaa. Atasema iko kwenye historia ya terminali. Bash kwa mipangilio yake ya asili inakumbuka amri 500 tu, na ukiwa na madirisha mawili, linalofungwa mwisho linafuta ya mwenzake. Jamani, matokeo ambayo mwenyewe huwezi kuyarudia si utafiti, ni ramli.

Na dawa ipo siku nyingi, hata wengi wetu hatujazaliwa. Stuart Feldman alitengeneza make pale Bell Labs mwaka 1976, baada ya mwenzake kupoteza asubuhi nzima akisaka kosa ambalo alikwisha lirekebisha, kumbe faili halikukompailiwa upya. Somo ni lile lile: kile ambacho kichwa kitasahau, kiandikwe mahali.

Kwenye Python huhitaji hata kudownload kitu. Ukiwa na argparse, ongeza fromfile_prefix_chars='@' pale unapounda parser, kisha weka vigezo kwenye faili la kawaida, kimoja kila mstari, kwa alama ya sawasawa:

--data=picha/mihogo
--kasi=0.001
--mizunguko=40

Vingine vivyo hivyo. Kuanzia hapo unaandika python fundisha.py @jaribio3.txt, basi. Unataka kujaribu mizunguko 60? Andika @jaribio3.txt --mizunguko 60, maana kinachokuja baadaye ndicho kinachoshinda. Jaribio likikubali, litengenezee faili lake, liweke kwenye git pamoja na kodi. Msimamizi akiuliza, unafungua faili, mnasoma wote.

Si Python peke yake. Wanaoingia kwenye seva kwa kukariri namba ya IP, jina na poti, andikeni mara moja tu kwenye ~/.ssh/config, halafu kila siku ni ssh maabara. Curl nayo inasoma chaguo zake kutoka kwenye faili kwa -K.

Najua majibu ya wabishi. Wa kwanza: "mafaili ni ya wavivu, mtaalamu anajua amri kichwani." Ndugu yangu, tulikuja chuo kufikiri, si kushindana kukariri na kasuku. Wa pili: "amri zangu nimezihifadhi WhatsApp." Hilo ni desa, si kumbukumbu! Simu zinazigeuza alama za nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, ukipesti skripti inagoma, unakesha bure. Wa tatu ndiye mwenye hoja: mafaili yakizidi nayo yanakuwa msitu. Kweli. Amri ya kutumia mara moja haihitaji faili. Lakini ukiiandika mara ya pili, ya tatu iwe faili. Na faili libaki la vigezo tu, ukianza kuingiza masharti na mahesabu umeshaandika programu ya pili.

Nywila je? Nimeona watu wanaiandika kwenye amri yenyewe, tena kwenye seva ya kushea. Kwenye Linux ya kawaida yeyote aliyeingia akipiga ps anaiona. Iweke kwenye faili la peke yake, chmod 600, na usilipandishe git hata kwa bahati mbaya.

Linaloniuma zaidi ni projekti za kikundi. Anayejua amri ni mmoja, akiugua au akienda kwao, watano waliobaki wanakaa vimbweta wakimsubiri kama wanasubiri boom. Ujuzi unaokaa kwenye kichwa cha mtu mmoja si wa kikundi, ni wa kwake. Wengine wanaupenda hivyo hivyo, kwa sababu unawafanya waonekane hawana mbadala. Huo ni uchoyo tu, tuuite kwa jina lake.

Kwa hiyo wenye projekti, kabla ya wiki hii kwisha andikeni faili moja, mpeni mwenzenu ambaye hajawahi kuendesha skripti yenu, muone kama itawaka bila ninyi kugusa kibodi. Isipowaka, hamjamaliza.

Naomba kuwasilisha. Ubishi ruksa, matusi hapana.