Nyumba ya urithi Lamu: pangisha, usiuze

Katika soko la majengo la Lamu, tangazo la nyumba kuuzwa mara nyingi hufuata msiba. Mzee amefariki, warithi wametawanyika Mombasa, Nairobi na Ghuba, na nyumba ya mawe ya Mkomani imebaki na mjane ambaye ngazi zimeanza kumshinda. Dalali anapotaja bei kwa yuro, kila mrithi hupiga hesabu yake kimya kimya.

Hesabu hiyo hupigwa nusu. Tuseme baada ya kulipa wakili, dalali na kodi ya faida ya mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 badala ya 5, zimebaki shilingi milioni 16. Warithi ni mjane, wana watatu wa kiume na mabinti wawili. Kwa sheria ya Kiislamu mjane hupata thumuni, yaani milioni 2. Kila mwana wa kiume milioni 3.5, kila binti milioni 1.75. Kwa milioni 2 mama hapati hata ukumbi mmoja wa nyumba kama ile aliyoiacha. Na huu ndio mji ambao wenye nasaba zamani waliwajengea mabinti nyumba za kuolewa, pengine wakaziunganisha na za wazazi kwa wikio juu ya njia!

Mnunuzi wa kigeni, kwa Katiba ya Kenya ya 2010, hawezi kumiliki ardhi kwa zaidi ya miaka 99. Mbele ya sheria yeye ni mpangaji tu. Sasa familia ina haraka gani ya kumwachia kila kitu? Apewe miaka 15, atengeneze boriti, chokaa na mabomba kwa fedha zake, na alipe pango la kila mwaka. Mfanyabiashara wa hapa nyumbani asiye na milioni 16 naye huweza kuingia kwa mlango huo.

Lakini aangalie anayetia sahihi. Kaka mkubwa si msimamizi wa mirathi mpaka mahakama imteue, na mkataba wa miaka 15 lazima usajiliwe. Mji huu uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, hivyo kabla ya kubomoa ukuta watu wa Makumbusho waulizwe.

Hatari ipo. Wageni walipotea baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, wakapotea tena kwa korona mwaka 2020. Kwa hiyo pango la mwaka mmoja lichukuliwe mbele. Mpangaji akishindwa, nyumba ingalipo. Anayeuza mwaka kama huo hukuta mnunuzi mmoja tu mlangoni, naye ndiye mpanga bei. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na sioni kwa nini wenyeji wawe wa kwanza kutoka sokoni.

Mrithi mwenye shida ya haraka, ada au hospitali, asilazimishwe kungoja. Nduguze wamnunulie fungu lake kwa bei ya mthamini, si bei ya udugu, na pango la miaka ya mwanzo lianze kumlipa yeye.