Mtoto, Treni Ndogo na Somo la Breki

Watoto wa Mwandoya, katika Wilaya ya Meatu, hawana reli karibu na nyumba zao. Atakaye kuiona treni bila ya kutoka nje ya Mkoa wa Simiyu hana budi kufika Malampaka, wilayani Maswa, inakopita njia ya zamani itokayo Tabora kwenda Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928. Hata hivyo, mtoto hangoji reli ndipo acheze treni. Mabua, waya, visoda na soli za kandambili zilizochakaa humtosha. Huunganisha vigari vitatu au vinne kwa uzi, akaviburuta uani huku akiiga honi kwa kinywa chake.

Ndugu msomaji, mchezo huo unao ndugu yake aliyeendelea sana huko Ulaya na Marekani, nao huchezwa na watu wazima kwa watoto. Ni treni ndogo za umeme zinazokwenda juu ya meza. Kipimo kinachopendwa zaidi ni kile cha injini iliyopunguzwa mara 87, ambayo reli zake zimeachana kwa milimita 16.5 tu. Zamani mchezaji aliongeza au kupunguza nguvu ya umeme uliopita katika reli, na kila injini iliyokuwa juu ya reli hiyo ilitii. Zikiwa mbili, zilikwenda pamoja na kusimama pamoja, kama ng'ombe waliofungwa nira moja.

Katika miaka ya mwisho ya 1980, kampuni ya Lenz ya Ujerumani ilibuni utaratibu mwingine, na katika miaka ya 1990 chama cha wapenzi wa treni hizo cha Marekani, kiitwacho NMRA, kikaufanya kuwa kanuni ya wote. Katika utaratibu huu reli huwa na umeme wakati wote, na umeme huo huo hubeba amri. Amri zenyewe ni mfululizo wa mapigo, mafupi na marefu, yanayopita kwa maelfu katika kila sekunde. Ndani ya kila injini mna kisimbuzi kidogo chenye namba yake. Injini mpya kwa kawaida hupewa namba 3, kisha mwenyewe huibadilisha apendavyo. Kisimbuzi husikia amri zote, lakini hutii ile tu iliyotajwa kwa namba yake.

Mchezaji hushika mkononi kifaa kinachofanana na rimoti ya televisheni. Huchagua namba ya injini, huzungusha kirungu cha mwendo, hubonyeza vitufe vya taa na honi, na pakiwa na hatari hubonyeza kitufe cha kusimamisha kila kitu. Hivyo watu wawili waweza kuendesha treni mbili katika reli moja, kila mmoja na yake.

Ni mchezo mzuri, lakini una hila ndani yake ambayo mzazi yafaa aijue. Ukipunguza urefu, upana na kimo cha kitu mara 87, uzito wake haupungui mara 87. Hupungua mara 87 kwa 87 kwa 87, yaani zaidi ya mara 650,000. Injini ya tani 100, kwa hesabu hiyo, ingebaki na gramu 150 hivi, ambazo ni uzito wa chungwa moja. Basi mtoto akirudisha kirungu kwenye sifuri, chungwa lake husimama papo hapo. Naye huenda akaamini kwamba treni ndivyo ilivyo, kwamba dereva akitaka kusimama husimama.

Waliobuni vifaa hivyo waliliona jambo hili. Ndani ya kisimbuzi wameweka sehemu mbili za kurekebishwa: ya namba 3 huchelewesha injini kushika mwendo, na ya namba 4 huichelewesha kusimama. Mchezaji akiiongeza ile ya namba 4, treni yake ndogo huendelea kuserereka baada ya amri kutolewa, kana kwamba imebeba mzigo wa tani nyingi. Hapo hulazimika kuanza kusimama kabla hajakifikia kituo. Pengine hilo ndilo somo kubwa kuliko yote katika mchezo mzima: dereva wa treni huendeshea mahali ambapo bado hajafika.

Katika nchi yetu somo hili si la mezani. Tarehe 24 Juni, 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma kwa kasi ikiteremka mlima hadi ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Uzito ukishapata mwendo na breki zikakosa kuushika, hauna masikio ya kusikia amri.

Na mwendo sasa umeongezeka. Treni za umeme zilizoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni, 2024, zimetengenezwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa. Kwa mwendo huo treni hupita mita 44 katika kila sekunde. Mtoto anayehesabu moja hadi kumi akisubiri kuvuka, treni imekwisha kumkaribia kwa zaidi ya mita 400. Kule kwetu kanda ya ziwa, jiwe la msingi la kipande cha Mwanza hadi Isaka, chenye kilomita 341, liliwekwa mwezi wa Juni, 2021. Mtoto wa Mwandoya atakayepelekwa Mwanza kwa shangazi yake au kwa masomo atakutana na reli hiyo, na hapo hapatakuwa na wa kumfundisha upya.

Samaki mkunje angali mbichi. Mzazi wa Mwandoya hana sababu ya kuuza mbuzi ili anunue treni ya mezani, maana kigari cha waya kinatosha. Chora mstari wa majivu uani. Mwambie mtoto akisukume kigari kikiwa kitupu, na mwenzake akisimamishe mstarini kwa kidole kimoja. Kisha kipakieni tofali, kisukumwe kwa mwendo ule ule, kidole kijaribu tena. Kigari kitamsukuma na kuuvuka mstari. Watacheka, na wacheke. Baada ya kicheko waulize: je, mahali pa tofali pangekuwa na mabehewa ishirini yaliyojaa marobota ya pamba, kidole cha dereva kingefanya nini?

Watajibu wenyewe. Ndipo uwaeleze kwamba dereva aliyemwona mtu relini huweza kupiga honi na kushika breki, lakini hawezi kukwepa wala kusimama pale pale. Aliye na uwezo wa kusimama mara moja ni yule aliye kwa miguu yake. Uzito wake ni mdogo, na amri yake iko karibu.